Baridi ya Kivu si baridi ya Ulaya: mche wa kigeni uulizwe kwao kabla ya kupandwa

Mvua za Septemba zikirudi katika vilima vya Lubero, Masisi na Kalehe, wauzaji wa miche nao wanarudi. Wanapita sokoni na mbele ya makanisa wakibeba miche katika mifuko ya plastiki: pome, avoka, marakuja, pruni, mikaliptusi, na mingine ambayo hata muuzaji hajui jina lake. Kila mche unasifiwa kwa maneno yale yale: umetoka mbali, unavumilia baridi, utazaa haraka, matunda yake yana bei mjini. Mkulima anatoa franka zake, anarudi nyumbani, anachimba shimo. Miaka mitatu baadaye, mara nyingi, mti uko pale, majani yake ni mazuri, na tunda hakuna.

Hasara hiyo haiandikwi popote, kwa sababu mche wenyewe ni wa bei ndogo. Kilichopotea si bei ya mche. Kimepotea kipande cha ardhi kwa miaka mitatu. Pale pale ambapo mti umesimama bure, maharagi yangevunwa mara mbili kwa mwaka, msimu A na msimu B. Kwa familia yenye shamba dogo nyuma ya nyumba, hayo ni masahani ya chakula na ni minervali ya mtoto. Kwa hiyo swali la kujua mmea gani wa kigeni unafaa katika bustani ya mlima wenye baridi si mchezo wa matajiri wanaopenda maua. Ni swali la sufuria.

Wako wanaojibu kwamba dawa ni kuacha mimea ya kigeni kabisa na kurudi kwa mbegu za wahenga. Neno hilo ni tamu kusikia, lakini haliendi mbali. Maharagi, mahindi, muhogo na viazi vyote vilitoka Amerika. Migomba ilitoka Asia. Ukiondoa mimea yote iliyokuja na wageni, sahani ya Kivu inabaki karibu tupu. Ugeni wa mmea si kosa. Kosa ni kuupanda bila kuuliza maswali mawili: kwao ni wapi, na baridi ya kwao ikoje?

Swali la kwanza wauzaji wanalijibu nusu nusu. La pili hakuna anayelijibu, na hapo ndipo wakulima wanapopoteza miaka yao.

Baridi za aina mbili

Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu metre 1,500 juu ya usawa wa bahari. Butembo inapita 1,700. Vijiji vingi vya Lubero na vya Masisi ya juu vinapita 2,000. Kila mtu akipanda metre 1,000, joto linapungua kwa karibu digrii 6. Ndiyo maana mchikichi unaotoa mawese mengi huko Kisangani, kwenye metre 400 hivi, hauwezi kufanya kazi hiyo hiyo Lubero. Jambo hilo kila mkulima wa mlimani analijua bila kuambiwa.

Lisilojulikana sana ni kwamba baridi hii haifanani na ile ya Ulaya. Kule baridi inakuja mara moja kwa mwaka na kukaa miezi. Mti unaangusha majani, unalala, unapata saa zake za baridi, halafu unaamka wakati joto linaporudi. Katikati ya mwaka jua linakaa angani hata saa 16 kwa siku, na mimea mingi ya huko inangoja siku hizo ndefu ndipo ifanye kazi yake.

Kivu iko penye ikweta. Mstari wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero. Hapo mchana ni wa saa 12, Januari kama Julai. Baridi inakuja usiku na kuondoka asubuhi, kila siku, mwaka mzima. Hakuna mwezi wa kulala. Mmea uliozoea majira ya Ulaya ukifika hapa unangoja kitu ambacho hakitakuja.

Mfano ulio karibu zaidi ni kitunguu. Mbegu nyingi za vitunguu vya Ulaya zinahitaji mchana wa saa 14 au zaidi ili kitunguu kijae chini. Zikipandwa Kivu zinatoa majani marefu, ya kijani, ya kupendeza, na chini ni shingo tupu. Mkulima analaumu udongo, analaumu mvua, wengine wanamlaumu jirani. Udongo hauna kosa. Aina kama Red Creole, zinazotosheka na mchana mfupi, zinajaa vizuri kwenye saa zile zile 12.

Pome ni mfano mwingine, na ndio unaokula pesa za watu zaidi. Aina nyingi za pome za Ulaya zinahitaji kati ya saa 800 na 1,000 za baridi iliyo chini ya digrii 7, ndipo zitoe maua sawasawa. Milima inayolimwa Kivu haitoi baridi hiyo. Mti unabaki na majani ya zamani, unatoa ua moja hapa na lingine pale, basi. Na yule anayepanda mbegu ya pome aliyoila, iliyotoka Afrika ya Kusini kupitia sokoni mjini, anajidanganya mara mbili: mbegu ya pome haizai tunda lile lile la mama yake.

Lakini habari ya pome haiishi hapo. Kabale, upande wa Uganda, si mbali na mpaka, ni milima yenye baridi kama hii, na wakulima wa huko wanavuna pome. Walichukua aina mbili: Anna, iliyotengenezwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas. Hizo zinahitaji saa chache sana za baridi. Hata hivyo hawaziachi peke yake. Wanayatoa majani kwa mkono, mti mzima, ili mti uone kama umepita majira ya kulala na uanze maua upya. Tena wanazipanda aina zote mbili karibu, kwa sababu Anna inahitaji chavua ya mwenzake ili izae vizuri.

Somo la Kabale liko wazi. Pome inawezekana, kwa yule anayejua jina la aina aliyonunua na aliye tayari kwa kazi ya mikono. Pome isiyo na jina, iliyouzwa katika mfuko wa plastiki kandokando ya njia, ni kuni ya kesho.

Ndugu wa kutoka milima mingine

Kama baridi ya Ulaya haifanani na ya Kivu, iko wapi inayofanana? Jibu moja ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, hasa Peru, Ekwado, Kolombia na Bolivia. Kule nako kuna milima mirefu karibu na ikweta, usiku wa baridi, jua kali la mchana, na mchana usiobadilika sana kwa urefu. Mmea uliozaliwa huko ukiletwa Lubero unajiona uko nyumbani.

Kiazi ni shahidi wa kwanza. Watu wa Andes walikilima maelfu ya miaka, hata juu ya metre 3,500, kabla Wazungu hawajakijua. Leo chukudu zinazoteremka kutoka milimani na magunia ya viazi zinaeleza zenyewe kama mgeni huyu alikubaliwa.

Shahidi wa pili ni pruni, yaani nyanya ya mti, tunda jekundu lenye umbo la yai. Wengi wanafikiri ni la Japani kwa sababu ya jina la Kifaransa walilolisikia. Kwao ni Andes. Katika nchi za chini, zenye usiku wa joto, linazaa vibaya. Kwenye metre 1,800 au 2,000 linazaa kwa furaha, tena mapema: mwaka mmoja na nusu au miwili baada ya kupandwa. Mizizi yake haiendi chini sana na matawi yanavunjika kwa upepo, kwa hiyo mahali pake ni nyuma ya nyumba au nyuma ya ua wa miti, kwenye udongo usiotuamisha maji. Mche wa mbegu unakua mrefu kabla ya kutoa matawi. Mche wa kipande cha tawi unabaki mfupi na mpana, na huo ndio unaofaa penye upepo.

Marakuja ya zambarau, ambayo kwao ni Brazili na Paraguay, nayo inapenda usiku wa baridi kuliko ndugu yake wa njano, ambaye ni wa nchi za joto. Anayepanda marakuja ya njano Lubero anakosea mlima.

Frezi ina habari ndefu kidogo. Mwaka wa 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao na mimea ya frezi kutoka Chile. Ilipokutana Ufaransa na frezi ya Amerika ya Kaskazini, ikazaliwa ile inayolimwa leo duniani kote. Katika milima ya ikweta haingoji majira. Ikitunzwa inatoa maua karibu mwaka mzima. Inahitaji majani makavu chini yake ili tunda lisiguse udongo, na inazaa miche yenyewe kwa kamba zinazotambaa. Adui yake mkubwa Kivu ni barabara. Tunda hili halingoji siku mbili katika tope.

Kinkina, mti wa kwinini, ni mtoto wa Andes pia. Wabelgiji waliupanda Kivu katika miaka ya 1930. Mwaka wa 1942, Japani ilipoiteka Java, ambako sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilikuwa inatoka, magamba ya miti ya Kivu yalipata thamani ambayo hakuna aliyekuwa ameitazamia. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kilijulikana kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kinkina inangojwa miaka mingi kabla ya kutoa gamba, kwa hiyo si mti wa bustani ndogo.

Mtu atauliza: na pareto, ile ambayo wazee wanaiita piretri? Haikutoka Andes. Kwao ni Dalmatia, pwani ya Kroatia. Ni kweli, na inaonyesha kwamba jina la bara si hoja. Pareto inahitaji usiku wa baridi ili itoe maua, haidai mchana mrefu, na usiku wa baridi Masisi inao mwingi. Ndiyo maana swali la haki si “Je, mmea huu umetoka nchi ya baridi?” Ni “Unadai baridi ya namna gani?”

Mwenye ardhi na asiye nayo

Mashauri mengi ya kilimo yanamsahau mtu mmoja: yule anayelima ardhi ya mwingine. Huko Bushi, aliyepata ardhi kwa kalinzi anaweza kupanda mti na kumwachia mtoto wake. Anayelima kwa bwasa, yaani kwa kukodi msimu, hana ruhusa ya kupanda kitu cha kudumu, kwa sababu mti ni kama alama ya kusema “ardhi hii ni yangu”. Sehemu nyingine za Kivu desturi haiko mbali na hiyo. Na vita vimeongeza idadi ya watu wanaolima pasipo pao.

Kumwambia mtu wa namna hiyo apande pome au avoka ni kumcheka. Wake ni kiazi, kinachotoka kwa miezi mitatu au minne, na mboga. Frezi inaweza kuwa yake pia kama mwenye ardhi anakubali, maana inaishi hata kwenye sanduku la mbao au kwenye gunia lililojazwa udongo, na mtu anahama nayo. Shirika au ofisi inayogawa miche ya miti kwa kila mtu sawasawa, bila kuuliza nani ana ardhi na nani anakodi, inawasaidia wale wale ambao tayari wana kitu.

Tena bustani ya matunda isifukuze maharagi. Frezi inaleta pesa, haizuii bwaki. Mama anayeng'oa maharagi yote ili apande matunda ya kuuza anawaweka watoto wake mikononi mwa bei ya soko, na bei ya soko ya Goma au ya Kadutu haina huruma barabara ikifungwa.

Ugonjwa nao unapanda gari

Liko jambo lingine ambalo wauzaji wa miche hawalisemi. Mche hausafiri peke yake. Mwaka wa 2001 mnyauko wa migomba, ugonjwa uliojulikana kwanza Etiopia, ulionekana Masisi. Kutoka hapo uliingia katika mashamba mengi ya Kivu kwa visu, kwa wadudu, na kwa machipukizi ambayo jirani alimpa jirani kwa wema. Familia zilizotegemea ndizi ziling'oa migomba yao kwa mikono yao wenyewe.

Kiazi kina yake. Mildiu, ugonjwa unaochoma majani wakati wa baridi na unyevu, ndio uliomaliza viazi vya Irlande kuanzia mwaka wa 1845, na watu karibu milioni moja wakafa. Milima ya Kivu ina baridi na unyevu vya kutosha kuulisha ugonjwa huo kila msimu. Hata hivyo wakulima wengi bado wanauza viazi vikubwa na kubakisha vidogo kuwa mbegu, bila kujua vilitoka chini ya mmea mzima au mgonjwa. Njia bora haigharimu hata franka moja: wakati shamba bado ni la kijani, mkulima anapita akiweka kijiti kwenye kila mmea wenye nguvu, na mbegu ya msimu unaokuja inatoka kwenye vijiti hivyo tu.

Kwa marakuja ni kisu kinachobeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Kukisafisha kwa moto kabla ya kukata mmea mwingine ni kazi ya dakika moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mpakani ufa huo uko wazi: kila siku miche inavuka kutoka pande zote na hakuna anayeitazama mizizi yake.

Kaliptusi ikae mahali pake

Mwisho kuna mgeni aliyefaulu kuliko wote, hata kupita kiasi. Kaliptusi ilitoka Australia, na leo vilima vizima vimevaa mti huo. Wanaoutetea wana haki yao. Mbao, miti ya kujengea na makala vinatoka hapo, na kila gunia la makala ya kaliptusi ni gunia ambalo halikutoka katika mbuga la Virunga. Mradi wa EcoMakala wa WWF ulijengwa juu ya wazo hilo: watu wapande miti ya makala wenyewe ili msitu upumue.

Lakini mti unaokua upesi unakunywa upesi. Ukipandwa penye chemchemi, chemchemi inapungua, na wasichana wanaochota maji ndio wanaolipa kwa miguu yao. Ukipandwa kando ya bustani, maharagi ya jirani yanadhoofika. Mahali pa kaliptusi ni kwenye mgongo wa kilima, penye udongo uliochoka. Si bondeni penye maji, wala nyuma ya nyumba. Jambo hili lisiachwe kwa ugomvi wa majirani. Machifu na baraza za vijiji wana uwezo wa kuliamua, na mahali pengi wameshindwa kwa sababu wao wenyewe ndio wenye misitu hiyo.

Kinachotakiwa sasa

Kazi ya kwanza ni ya wenye mamlaka ya kilimo, nayo si ghali. Kila mche unaouzwa uwe na jina la aina yake na kimo unachofaa, yameandikwa au yanatamkwa mbele ya watu. Kila grupma iwe na pepinieri moja inayojulikana, ambapo agronomu anaweza kujibu maswali, kuliko kungoja watu wanaopita na kutoonekana tena. Utafiti wa Mulungu, huko Kivu ya Kusini, una miaka mingi katika mimea ya milima. Matokeo yake yafike redioni kwa Kiswahili, si kubaki katika ripoti za Kifaransa.

Kazi ya pili ni ya mkulima mwenyewe. Kabla ya kutoa franka, aulize jina la aina. Aulize mmea huo unazaa tayari katika kijiji gani chenye kimo kama cha kwake, na aende kuuona ukiwa na matunda. Apande miwili au mitatu kwanza, si hamsini. Muuzaji anayekasirika kwa maswali hayo ameshajibu.

Na kazi ya tatu ni ya wanaohama mjini na milima kwa biashara, wale wanaoleta mbegu katika mabegi kutoka Kampala, Kigali au Bruxelles. Nia yao ni njema, na baadhi ya mimea bora ya Kivu ilifika kwa njia hiyo hiyo. Lakini zawadi ya mbegu isiyojulikana kwao inaweza kumaliza miaka mitatu ya shamba la mama yao. Waanze na nyanya ya mti, frezi na marakuja ya zambarau, ambazo milima imekwisha kuzikubali. Pome ingoje mpaka mtu afike Kabale, aone jinsi majani yanavyotolewa kwa mkono, na akubali kwamba anaiweza kazi hiyo.